Kofia Kwenye Swichi

Mimi napenda usafi, na usafi wangu ndio ulioniponza. Nalisema mapema, nisije nikaonekana napindapinda maneno.

Nimekuwa msimamizi wa wasafishaji wa chuo chetu kwa miaka kumi na minne. Wananiita Dada Mkubwa, wengine kwa heshima, wengine kwa kunisengenya nikishageuza mgongo. Sakafu yangu ikishapigwa deki, atakayeikanyaga kabla haijakauka atasikia sauti yangu hadi bwenini. Nilipoanza kazi, vibao vya njano vya kuonya kwamba sakafu imelowa vilikuwa viwili chuo kizima. Nikaenda ofisi ya ununuzi kila Jumatatu kwa mwaka mzima mpaka wakanipa kumi na viwili, nadhani kwa kuchoka kuiona sura yangu. Wasafishaji wangu hawachanganyi dawa ya choo na dawa ya kung'arisha nguo, maana mmoja alichanganya na tukamtoa chooni hajitambui. Hawaachi fagio limelala njiani. Hawapandi juu ya kiti chenye magurudumu kufuta dirisha. Mtu akiniita mzembe nitamfungulia daftari langu, asome mwenyewe.

Ndiyo maana jambo hili linanichoma hivi. Mzembe angekuwa na pa kujificha.

Fundi umeme wa chuo ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Mama anakaa mbali, na kila Jumapili hunipigia simu na swali lake ni moja: "Mtoto wangu mzima?" Hasemi watoto wangu. Mimi nilishazoea zamani. Nilipomtafutia mdogo wangu kazi hapa, mama aliniambia, "Nimekukabidhi wewe. Umeme hauna rafiki." Nikamjibu kwamba mimi nipo, asiwe na wasiwasi.

Chuoni jina lake ni Fundi Kofia. Ilikuwa kofia ya kitambaa, ya buluu, miaka hiyo. Baadaye haikuwa na rangi unayoweza kuitaja. Jasho, vumbi la dari na mafuta ya mashine viliishikamanisha hata ukiitupa chini inasimama yenyewe. Lakini kofia ile ilikuwa na kazi. Swichi kuu ya jengo la madarasa ina mpini mrefu wa chuma, ukiushusha jengo zima linakosa umeme. Kabla ya kupanda ngazi, mdogo wangu alishusha mpini, akapita kwenye korido akipiga kelele, "Nazimaaa!" kisha akatundika kofia yake kwenye mpini ule. Desturi hiyo aliikuta kwa fundi aliyemtangulia. Kila mfanyakazi mgeni aliambiwa siku ya kwanza: kofia ikiwa kwenye mpini, kuna roho ya mtu juu, usiguse.

Na hiyo swichi iko wapi? Iko ndani ya chumba changu cha ndoo. Aliyejenga jengo lile sijui alikuwa anawaza nini. Chumba hakina dirisha, upana wake ni wa milango miwili, na humo mna ndoo, mafagio, madumu ya sabuni, na ukutani umeme wa jengo zima. Kwa hiyo kofia ile niliiona kila siku ya Mungu, na pua yangu iliiona kabla ya macho.

Tatizo la mdogo wangu lilikuwa usahaulifu. Akimaliza kazi anainua mpini, anachukua koleo na bisibisi zake, kofia anaiacha palepale. Kuna mara ilikaa Jumanne hadi Ijumaa, na mwenyewe yuko bwenini anatengeneza pampu ya maji. Nilimsema. Nilimsema mbele ya watu. "Wewe ukizeeka utasahau hata mke wako sokoni," nikamwambia, na watu wakacheka, naye akacheka. Ikawa ndiyo utani wa chuo kizima: Fundi Kofia kasahau kofia.

Watu wanapocheka kitu, wanaacha kukiogopa. Wa kwanza kuacha alikuwa Bwana Kopi, mwenye mashine ya kutoa nakala, chumba cha tatu kutoka kwangu. Ni mtu wa pupa. Wahadhiri wanamletea mitihani dakika za mwisho, na umeme ukikatika anahisi ameonewa yeye binafsi. Siku moja nilimkuta kwenye chumba cha ndoo, kofia mkono mmoja, mwingine uko kwenye mpini.

"Fundi yuko juu?" nikamuuliza.

"Aah, Dada Mkubwa, kaka yetu kasahau tu kama kawaida yake."

"Umehakikisha?"

"Kofia hii kila siku ipo hapa. Tungeisikiliza, chuo kingefungwa."

Akainua mpini. Kwenye ukumbi mkubwa wa jengo kukasikika mtu anapiga yowe. Tulikimbia sote wawili. Mdogo wangu alikuwa amekaa sakafuni chini ya ngazi, anajishika kiwiko, anacheka na midomo imempauka. Alikuwa ndiyo kwanza ameuachia waya. Laiti Bwana Kopi angekuwa na haraka zaidi kidogo, tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Wiki ileile ofisi ilikuwa imeleta mwanamke wa kushughulikia usalama kazini. Tulimpachika jina la Bibi Tahadhari kabla hajamaliza salamu. Ni mwembamba, hana haraka, na hapandishi sauti hata akitukanwa. Alituweka darasani wafanyakazi wote, wapishi, walinzi, wa maktaba, sisi wa mafagio. Akatufundisha kuinua boksi kwa kukunja magoti badala ya kuinamisha mgongo. Akatufundisha kwamba mwenzako akinaswa na umeme usimshike, zima kwanza, la sivyo tutazika wawili. Kisha akaweka mezani daftari jipya la ajali.

"Ajali zenyewe nazijua, zinajitangaza," alisema. "Mimi nataka nusura. Mtu aliteleza hakuanguka, andika. Kitu kilidondoka hakikumpiga mtu, andika. Nusura ni ajali inayobisha hodi."

Jioni ile, kabla hatujatoka, mdogo wangu alinivuta pembeni. "Dada, ile ya ngazi usiiandike. Wataniletea maneno. Wataniambia nimeshindwa kazi."

Na mimi, ninayeandika hata sabuni ikipungua kijiko kimoja, sikuandika.

Baada ya siku chache Bibi Tahadhari aligawa makufuli. Mekundu, kila moja na ufunguo wake mmoja tu. Fundi akizima swichi, anaifunga kwa kufuli lake, ufunguo unakaa mfukoni mwake, hakuna wa kuwasha mpaka ashuke mwenyewe. Mdogo wangu alipokea lake kwa mikono miwili, akashukuru vizuri sana, akaenda kufungia baiskeli yake. Nilimwona, na nilicheka hadi nikashika mbavu. Tulikuwa tumezoea, na mazoea yana taabu. Mwezi mzima kufuli jekundu lililinda baiskeli isiyo hata na breki ya nyuma, na swichi ikalindwa na kofia.

Mwezi huo kila kitu kilikuwa kinabisha hodi, ndivyo ninavyoona sasa. Mhadhiri mmoja alijikwaa kwenye ngazi ya mdogo wangu iliyoachwa mlangoni mwa ukumbi, akapasuka paji la uso. Nikatoa amri kwa wasafishaji wangu: ngazi yoyote mtakayoikuta imeachwa bila mtu, peleka stoo. Halafu vumbi la dari lilimwagika juu ya viti nilivyotoka kuvifuta. Nikamwambia mdogo wangu kwa ukali kwamba akiingia darini, kile kifuniko cha dari akifunge nyuma yake. Zote mbili zilikuwa amri nzuri. Hata leo mtu akiniuliza, nitasema zilikuwa amri nzuri.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Mahafali yalikuwa Jumamosi, wageni wakubwa wanakuja, na mimi nilikuwa nimeamka na hasira ya usafi. Jumatano mdogo wangu aliniambia, "Kesho nashinda bwenini, pampu imegoma tena." Mimi nikaanzia jengo la utawala, nikahakikisha vioo na vyoo, na saa mbili na nusu asubuhi nikafika jengo la madarasa. Jua limeshajaa kwenye madirisha, hakuna aliyehitaji taa. Nikafungua chumba cha ndoo kuchukua sabuni ya unga.

Kofia ilikuwa kwenye mpini.

Nilisonya. Nikajisemea, huyu yuko bwenini na uchafu wake kauacha hapa, na Jumamosi atasimama mbele ya wageni na kitu hiki kichwani, watu waseme dada yake ndiye mkuu wa usafi. Msije mkadhani sikuchungulia ukumbini. Nilichungulia. Hakukuwa na ngazi. Dari imefungwa vizuri, viti vimenyooka, kimya kabisa. Niliita? Hilo swali najiuliza nikiwa macho na nikiwa usingizini. Sikuita. Nimwite nani, na mtu yuko bwenini?

Nikarudi, nikaishika kofia kwa vidole viwili huku nimegeuza uso kwa ile harufu, ndoo iko mkono wa pili, nikaitoa. Sikutazama mpini uko juu au uko chini.

Beseni la kufulia liko nyuma ya jengo, mlango wa mwisho. Nikaweka maji, nikatia sabuni, nikaizamisha. Maji yalitoka meusi nikafurahi. Nikamwaga, nikaweka mengine, yakatoka ya kahawia. Nilikuwa nasugua ule ukingo wa mbele, nimeanza kuona buluu kwa mbali, nawaza atakavyokuja juu na jinsi nitakavyomjibu, ndipo nikasikia mashine ya kopi inaamka. Ina mlio wake, inakohoa mara mbili halafu inaanza kunguruma. Nikajisemea, ah, umeme umerudi.

Mikono ikasimama ndani ya maji. Umerudi kutoka wapi?

Sijui nilikimbiaje. Najua nilikuwa napiga kelele, "Zima! Zima!" na kwamba kabla sijafika mlangoni mwa ukumbi kitu kizito kilikuwa kimeshaanguka ndani. Dari ilikuwa imetoboka upande wa mbali, waya umeng'ang'ania, na mdogo wangu yuko katikati ya viti, mkono wake wa kulia bado umeukumbatia waya ule. Mwili wake ulikuwa unatikisika na hasemi neno. Nilitaka kumshika. Mungu ananiona, nilitaka kumshika, nikakumbuka yule mwanamke mwembamba na maneno yake, nikasimama hatua mbili kutoka kwake huku najiuma mkono. Bwana Kopi ndiye aliyerudi mbio chumba cha ndoo akashusha mpini. Ndipo mkono ukaachia.

Watu wakajaa. Bibi Tahadhari akapiga magoti, akamsikiliza pumzi, akaagiza asigeuzwe shingo. Mmoja wa wasafishaji wangu, Mama Pacha, alikuwa amejishika kichwa analia. "Ngazi nimeipeleka mimi stoo! Niliikuta mlangoni peke yake, Dada Mkubwa, si ulisema? Si ulisema tupeleke?"

"Nilisema," nikamjibu.

Tukaelewa baadaye kwamba kipuri cha pampu hakikuja, ndiyo maana asubuhi na mapema aliamua kumalizia nyaya za feni za ukumbi. Alizima. Alipiga kelele zake saa moja asubuhi, hakuna wa kumsikia. Alitundika kofia. Akapanda kwa ngazi hapo mlangoni, akafunga kifuniko nyuma yake kwa sababu dada yake hapendi vumbi, akatambaa mpaka upande wa pili.

Walipomtoa kwenye machela ndipo nikatambua kwamba kofia iko mfukoni mwa aproni yangu, inanichuruzikia mguuni. Niliiingiza saa ngapi, sikumbuki. Nikaiacha humo.

"Nani katoa kofia?" mlinzi akauliza kwa sauti, na macho yote yakaenda sehemu moja.

"Haikuwepo!" Bwana Kopi akapaza sauti. "Haki ya Mungu tena, haikuwepo! Leo nilitazama. Tangu siku ile ya yowe nimejifunza, kila mara natazama. Nimefungua mlango, mpini hauna kitu, nikainua!"

Hakuna aliyemwamini hata nusu. Wangapi walikuwa wamemwona akiitoa ile kofia? Alikuwa ameitoa mara kumi na akapona mara kumi, na siku aliyofuata sheria ndiyo siku ambayo hakuna wa kumtetea. Aligeuka akanitazama mimi. "Dada Mkubwa, wewe chumba ni chako. Waambie. Ilikuwepo?"

Nikasema, "Ngoja kwanza tumwahishe mgonjwa."

Ni maneno mazuri, yanamfaa dada. Nayo ndiyo maneno ninayoyachukia kuliko yote niliyowahi kusema.

Alhamisi ile ile Bwana Kopi aliambiwa akae nyumbani mpaka kamati ikae Jumanne. Mahafali yalifanyika, ukumbi mwingine. Wageni wakasifu usafi. Baiskeli ya mdogo wangu ilibaki ukutani nje ya jengo la madarasa na kufuli lake jekundu, na ufunguo ulikuwa kwenye suruali aliyochaniwa hospitali. Kila nilipopita pale niligeuza uso upande wa pili, kama nilivyoigeuzia ile kofia.

Wifi yangu na mimi tulikaa kwenye benchi la wodi kwa zamu. Daktari alisema vidole viwili vya mkono wa kulia haviokoki, na kuhusu nyonga tusubiri. Kofia niliisuuza nyumbani, nikaianika ndani ya kabati, maana niliogopa kamba ya nje. Ilikauka ikawa ndogo, ya buluu, safi. Jumapili simu ikalia.

"Mtoto wangu mzima?"

Tulikuwa tumekubaliana na wifi tusimwambie mama kwanza, kwa ajili ya presha yake. "Mzima, mama," nikasema. Ulimi wangu ulikuwa umeshakuwa mwepesi wa uongo.

Jumatatu mdogo wangu alizungumza. Wifi alikuwa ameenda kuleta uji, tulikuwa wawili tu. Alitazama dari ya wodi, halafu akanitazama mimi, na sauti yake ilitoka ndogo.

"Dada. Kwani sikutundika?"

"Pumzika kwanza."

"Nimejaribu kukumbuka. Nakumbuka kuzima. Nakumbuka kupiga kelele. Kofia... Nilikuwa nayo mkononi, hilo nakumbuka. Lakini wewe umeniambia miaka yote kwamba mimi msahaulifu. Labda niliiweka mahali. Mwambie yule jamaa wa kopi asijisumbue moyo. Mwambie nilisahau mwenyewe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa matusi. Hili sikuwa nimelijengea ukuta. Alikuwa tayari kubeba kosa langu na mkono wake mmoja mzima, kwa kuwa nilimfundisha, mbele ya watu na kwa vicheko, kwamba hawezi kujiamini mwenyewe.

Nikafungua mkoba. Nikaitoa kofia, nikaiweka juu ya shuka, upande wa mkono wake mzima.

"Ulitundika," nikamwambia. "Uliitundika vizuri, mahali pake. Mimi ndiye niliyeitoa."

Aliigusa kwanza kwa kidole kimoja. Akaigeuza, akaupapasa ule ukingo wa mbele niliousugua. Nje ya wodi mtu alikuwa anapiga deki, nikasikia ndoo inavutwa. Kesho yake asubuhi ningekaa mbele ya kamati na Bwana Kopi, niseme maneno yaleyale mbele ya watu waliocheka nami. Halafu ningempigia mama bila kungoja Jumapili. Lakini hayo yalikuwa mepesi kuliko kungoja mdomo wa mdogo wangu ufunguke.

"Imetakata," akasema.

Akaisogeza kofia taratibu hadi ukingoni mwa kitanda, upande wangu, akageuzia uso ukutani.